Tabaka la Chini la Dampo Hupimwaje?

Chini ya dampo la kisasa hulazwa plastiki nzito ya polithini, aghalabu yenye unene wa milimita 1.5, juu ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, ili maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye taka yasiyafikie maji ya ardhini. Upimaji unaofahamika zaidi ni wa kuvuta: kipande chembamba kiunoni na kipana nchani hubanwa kwenye mashine na kuvutwa milimita 50 kwa dakika. Plastiki nzuri hurefuka kwa asilimia 700 au zaidi ndipo ikatike, na hiyo ndiyo tarakimu ambayo wauzaji hupenda kuitangaza. Kwangu mimi yenye uzito zaidi ni ile ya asilimia 12 hivi, kwa sababu plastiki ikivutwa kupita hapo huanza kusinyaa mahali pamoja wala hairudi ilivyokuwa. Haijakatika, lakini haifai tena kuaminiwa.

Majora ya plastiki huunganishwa kwa joto papo hapo dampo linapojengwa, na aghalabu udhaifu huanzia kwenye viungo hivyo. Kwa kawaida hukatwa sampuli moja katika kila mita 150 za kiungo, nasi huibandua kama mtu anayefungua bahasha. Plastiki yenyewe ikichanika pembeni, kiungo ni kizima. Kiungo kikiachia, tunakikataa hata kama nguvu iliyosomwa ni kubwa.

Hata hivyo, tabaka lisilochanika linaweza kuteleza. Tarehe 19 Machi 1988, katika dampo la taka za sumu la Kettleman Hills, California, shehena kubwa ya taka ilihama kwa takriban mita 11, kwa kuwa msuguano kati ya matabaka ya chini, hasa plastiki laini na mfinyanzi wenye maji, ulikuwa mdogo mno. Ndiyo maana matabaka huwekwa pia katika sanduku la sentimita 30 kwa 30 lililogawanywa nusu mbili, yakakandamizwa kwa uzito unaokaribia ule wa taka, kisha nusu moja ikasukumwa hadi yateleze. Upimaji huo ufanyike yakiwa yamelowa, na kwa udongo uleule utakaotumika mahali pa ujenzi, kwani plastiki iliyopimwa ikiwa kavu juu ya udongo mwingine hutoa jibu la dampo jingine.