Bima ya Afya kwa Wote Si Matibabu ya Bure

Juma lililopita nilisikia tena, safari hii katika mjadala wa redio, kwamba jimbo la Massachusetts huko Marekani lilianza kutibu watu bure mwaka 2006, kisha Obama akaiga. Kauli hiyo inachanganya mambo mawili yasiyofanana.

Bima ya afya kwa wote ni utaratibu ambao kila mkazi anakuwa ndani ya bima fulani, iwe ya mwajiri, ya kampuni au ya serikali, ili michango ya wengi ibebe gharama za wachache wanaougua. Kwa maana hii, suala zima ni nani analipa na analipa lini.

Neno lenyewe linatufundisha. Bima tumeipata kutoka Kihindi, nacho Kihindi kiliichukua kutoka Kiajemi, ambako shina lake ni bim, yaani hofu au hatari. Mtu hukata bima akiwa mzima, kwa ajili ya siku anayoihofia. Anayesubiri mpaka alazwe ndipo alipe ada ya kwanza hana hofu tena, kwa kuwa hatari imeshamfika. Huyo anaomba wenzake wamlipie deni. Massachusetts ililiona jambo hili kwa uchungu. Sheria yake ya mwaka 1996 ilikataza kampuni za bima kuwakatalia wagonjwa wanaojinunulia bima wenyewe, jambo la haki kabisa, lakini haikumlazimu aliye mzima wa afya kujiunga, na wazima walipobaki nje, ada za waliobaki ndani zilipanda.

Ndiyo maana sheria iliyotiwa saini Boston tarehe 12 Aprili 2006 na Gavana Mitt Romney wa chama cha Republican, mbele ya Seneta Edward Kennedy wa Democratic, iliweka neno lazima. Kila mtu mzima anayemudu ada alitakiwa kuwa na bima au alipe faini kupitia kodi yake. Mwajiri mwenye wafanyakazi 11 au zaidi alitakiwa kuchangia bima yao, la sivyo alipe hadi dola 295 kwa kila mfanyakazi kwa mwaka. Wenye kipato kisichozidi mara tatu ya kiwango cha umaskini walipewa ruzuku, na wa chini kabisa hawakudaiwa ada. Hata hao hawakutibiwa bure, kwa sababu bima yao ililipiwa, kwa sehemu kutokana na fungu ambalo zamani hospitali zililipwa kwa kuwahudumia wasio na bima. Huduma ya bure ndiyo iliyokuwapo kabla, na sheria ilikuja kuigeuza kuwa bima.

Nguzo hizo tatu, yaani kutomkatalia mgonjwa, kumlazimu mzima wa afya na kumsaidia asiyemudu, ndizo zilizobebwa na sheria ya taifa aliyoitia saini Barack Obama tarehe 23 Machi 2010. Zilibebwa, ila hazikutua zote salama. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kila jimbo lina hiari ya kupanua Medicaid, bima ya umma ya watu wa kipato cha chini, au kutoipanua, na tangu mwaka 2019 faini ya taifa ni sifuri. Massachusetts imeshikilia faini yake yenyewe, na wakazi wake wasio na bima ni chini ya asilimia 5. Imewezaje? Kwa sababu jimbo la Marekani si jimbo la uchaguzi kama tunavyolizoea sisi. Lina bunge, bajeti na kodi zake.

Ningemwomba mtangazaji yule, akiirudia habari hii, aseme kwamba Massachusetts iliwataka wakazi wake wakate bima na ikawasaidia wasiomudu ada. Neno "bure" aliweke kando tu.