Kuficha madirisha bila kuyafunga

Katika sekretariati (ofisi za kuchapa na kuprinti) za kando ya Kasapa, kampasi ya chuo kikuu hapa Lubumbashi, mwisho wa mwaka wa masomo mashini moja hubeba kazi za watu watano kwa mpigo: TFC (kazi ya mwisho wa masomo) ya huyu, CV ya yule, PDF iliyoskaniwa, kivinjari chenye WhatsApp. Mtu anabonyeza Ctrl + P akiwa kwenye dirisha lisilo lake, na kurasa 60 za mteja mwingine zinaanza kutoka. Karatasi na wino ni hasara ya ofisi.

Kwa kazi ya namna hiyo mimi napendelea Windows + Home. Hushusha (huficha kwenye mstari wa chini wa skrini) madirisha yote isipokuwa lile unaloliandikia, na ukibonyeza tena yanapanda. Kwenye laptopu nyingi Home hutaka ushikilie Fn. Kwenye kibodi ya Kifaransa tafuta kitufe chenye kamshale kanachoelekea juu kushoto.

Windows + D hushusha kila kitu, na inafaa mteja akiinama ghafla kuangalia skrini yenye siri za wenzake. Ila ukishaibonyeza kisha ukafungua dirisha jipya, kuibonyeza tena hakurudishi yale ya mwanzo. Utayaokota moja moja kwa Alt + Tab. Windows + M hufanya karibu kazi ileile, lakini huliacha dirisha lenye kisanduku kinachosubiri jibu, kama kile cha «Enregistrer sous» cha kuhifadhi faili. Jibu kisanduku kwanza, ndipo dirisha litashuka.

Je, Windows + M inakuletea vikaragosi vya emoji? Kibodi yako ni AZERTY (mpangilio wa Kifaransa) lakini Windows imepangwa QWERTY (wa Kiingereza). Palipoandikwa M, mashini inasoma nukta-mkato, na Windows + nukta-mkato ndiyo hufungua emoji. Bonyeza Windows + Space uchague Kifaransa, kama kimo kwenye orodha.

Wateja wakizidi wawili, kushusha tu hakutoshi. Windows 10 na 11 zina madawati mengi ndani ya skrini moja: Windows + Ctrl + D hufungua dawati jipya, Windows + Ctrl na mshale wa kushoto au kulia hukuhamisha. Mpe kila mteja dawati lake. Kwa kawaida Alt + Tab huonyesha madirisha ya dawati ulilopo tu. Kama kwako inaonyesha yote, ingia Paramètres, Système, Multitâche ubadilishe. Windows + Ctrl + F4 hulifunga dawati, na madirisha yake huhamia la jirani, hayapotei. Usiichanganye na Alt + F4, hiyo inafunga programu yenyewe.

Dirisha lililofichwa bado linakula memori. Kwenye mashini ya GB 4, kivinjari chenye kurasa ishirini kitaendelea kuibana Word hata kama hukioni, na Windows ikikosa nafasi huanza kuhamishia kazi kwenye diski. Kama diski ni ya kuzunguka, hapo ndipo dirisha unaloliita linachelewa kuja. Bonyeza Ctrl + Shift + Esc kufungua orodha ya programu zinazoendesha, tazama safu ya Mémoire, na usichokihitaji leo kifunge kabisa.

Halafu kuna flashi. Mteja anataka kuondoka, unaitoa, Windows inasema bado inatumika. Mara nyingi ni faili yake iliyofunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi, ikafichwa nyuma ya nyingine au kwenye dawati la pili. Usiichomoe kwa nguvu, faili inaweza kuharibika. Bonyeza Windows + Tab, pitia dawati moja moja, funga hati hiyo pamoja na dirisha lolote la folda ya flashi, ndipo uitoe. Afadhali zaidi uikopi faili kwenye diski tangu mwanzo, ufanyie kazi hapo, ubonyeze Ctrl + S kila kabla ya kuficha maana umeme hauagi, kisha umrudishie nakala iliyokamilika.