Chaneli 3 haiko tupu

"Fundi, nimeweka ile programu ya kuangalia Wi-Fi, nikaona chaneli 3 haina mtu, nikahamia. Mbona video bado zinakwama?" Ujumbe wa namna hii umenifikia tena, safari hii kutoka kwa mpangaji wa ghorofa moja hapa Sakina. Yeye nimeshamjibu kwa kifupi. Naandika jibu refu kwa sababu imani hii imeenea Arusha nzima, na wapo mafundi wenzangu wanaowafundisha wateja kwamba chaneli (kipande cha mawimbi ambacho ruta, kile kisanduku kinachorusha Wi-Fi, hutumia) isiyo na jina la mtandao wa mtu ni chaneli tupu. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ukihamia chaneli 3 ili kuwakimbia majirani walioko 1 na 6, umewafuata wote wawili kwa mpigo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kutoka chaneli moja hadi inayofuata ni megahezi 5 tu, lakini mtandao mmoja unachukua upana wa megahezi 20. Kitovu cha chaneli 1 ni megahezi 2412, kwa hiyo imekalia kuanzia 2402 hadi 2422. Chaneli 6, kitovu 2437, imekalia 2427 hadi 2447. Sasa iweke chaneli 3: kitovu 2422, kutoka 2412 hadi 2432. Nusu yake imelala juu ya chaneli 1, robo yake juu ya chaneli 6, na kinachobaki huru ni megahezi 5 zisizotosha mtandao wowote. Programu ya simu inauchora mpandano huo waziwazi, ila watu wanaangalia kilele cha mchoro tu, hawaangalii unatandaa hadi wapi.

Hapo huwa naulizwa: sawa, tunapandana, lakini kupandana nusu si afadhali kuliko kukaa chaneli moja na jirani? Hapana. Tena hapana kubwa.

Wi-Fi imetengenezwa ili mitandao mingi ishirikiane hewa ileile. Kila kifaa, kiwe ruta au simu, husikiliza kwanza kabla ya kurusha. Kikisikia kingine cha chaneli hiyohiyo kinarusha, husoma mwanzo wa ujumbe, hujua utachukua muda gani, hunyamaza, husubiri kidogo kwa muda wa kubahatisha, ndipo nacho hurusha. Ruta ya jirani haijui nenosiri lako wala haina habari nawe, lakini zamu mnapeana. Mkiwa wawili kwenye chaneli moja mnagawana muda. Kasi ya kila mmoja inashuka pale nyote mnapotumia kwa pamoja, basi.

Ukiwa chaneli 3 na yeye yuko 1, mwanzo wa ujumbe wake huusomi tena. Kinachokufikia ni kelele, kama spika za baa ya mtaa wa pili: mdundo unapenya ukutani, maneno huyapati. Na kanuni ya kunyamazia kelele ni legevu kuliko ya kunyamazia ujumbe. Kwa viwango vya 802.11, yaani kanuni za kiufundi za Wi-Fi, ujumbe unaosomeka ukifika na nguvu ya hasi 82 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi kwa desibeli; namba ikikaribia sifuri nguvu ni kubwa zaidi), kifaa kinatakiwa kinyamaze. Kelele isiyosomeka hainyamaziwi mpaka ifike hasi 62. Hizo ni desibeli 20, yaani tofauti ya nguvu mara 100. Jirani wa ukuta wa pili, ambaye simu yako inamwona kwa hasi 70, anaangukia ndani ya pengo hilo. Mngekuwa chaneli moja mngepishana. Mkiwa nusu kwa nusu mnarusha kwa wakati mmoja, mnaharibiana. Data inaharibika, inarudiwa, ruta ikiona makosa mengi inashusha kasi, na kasi ikishuka kila kipande kinakaa hewani muda mrefu zaidi, kwa hiyo kugongana kunazidi. Wakati huo wote alama ya Wi-Fi kwenye simu imejaa pomoni, ndiyo maana watu hawaamini tatizo liko hewani.

Kwa hiyo ni 1, 6 au 11, chaneli tatu zisizopandana. Ipi kati ya hizo? Usihesabu majina peke yake. Mchoro unakuonyesha nani yupo, haukuonyeshi nani anatumia. Ruta sita ambazo wenyewe wameshinda kazini mjini hazikuumizi kama moja ya mtu anayepakua filamu tangu asubuhi. Hata hivyo ruta isiyotumika nayo haiko kimya kabisa: inatangaza jina lake karibu mara 10 kwa sekunde, tena kwa kasi ya chini ili hata kifaa cha zamani kisikie, na majina yakirundikana hayo matangazo yanakula hewa. Dawa ni kupima. Weka 1, tumia saa mbili usiku watu wote wakiwa nyumbani, kesho yake 6, keshokutwa 11. Kipimo cha saa nne asubuhi hakikwambii kitu.

Ruta yako ikiwa imewekwa upana wa megahezi 40 kwenye 2.4 badala ya 20, uzime. Masafa yote yale yana megahezi 83.5, na mtu mmoja anajitwalia karibu nusu kwa sababu sanduku la ruta liliandikwa kasi kubwa. Kwenye majengo ya kupanga ya Njiro mpangaji mmoja wa hivi anawaharibia watu wa sakafu nzima, naye mwenyewe hafaidi. Rudisha 20. Chaneli 12 na 13 nazo ziache: laptopu nyingi za mitumba zilizotengenezewa soko la Marekani hazizioni, na utaambiwa Wi-Fi imepotea.

Sheria ya 1, 6, 11 yenyewe naitii, lakini si kwa imani kamili. Inatokana na enzi za 802.11b, toleo la zamani la Wi-Fi, mawimbi yalipokuwa na upana wa megahezi 22. Kwa 20 za leo, chaneli 1, 5, 9 na 13 zinapangika bila kupandana, angalau kwa hesabu. Kwenye hosteli au hoteli ambapo ruta zote ziko chini ya mkono mmoja, fundi akinipangia hivyo sibishani naye sana. Kwenye ghorofa la wapangaji ambalo majirani wote wako 1, 6 na 11, hiyo 5 yako ni chaneli 3 kwa jina lingine.

Shaka yangu kubwa zaidi iko kwenye ruta kujichagulia chaneli yenyewe. Nyingi za bei ya chini huchagua zinapowaka tu. Umeme ukikatika mtaa mzima kisha ukarudi, zote zinawaka pamoja, kila moja inasikiliza hewa ambayo wenzake hawajaanza kurusha, inaikuta kimya, inachagua. Zinaweza kabisa kurundikana chaneli moja na kubaki hapo hadi umeme ukatike tena. Na pale mtu anaposema alibadili chaneli mtandao ukapona, mara nyingi sina uhakika kilichoponya ni chaneli au ni ile ruta kuzimwa na kuwashwa.

Gigahezi 5, masafa mengine ya Wi-Fi, nitaipitia haraka. Kama ruta na simu zinaikubali, hamia huko. Chaneli 36 hadi 48 hazina sharti la kusikiliza rada. Kuanzia 52 hadi 64, na 100 hadi 144, ruta inatakiwa isikilize rada kwa sekunde 60 au zaidi kabla ya kurusha, na ikiisikia ihame, kwa hiyo usishangae jina likichelewa kuonekana. Haipenyi vizuri kuta za tofali za bloku, na hilo ni jema kwako, maana jirani naye hakufikii. Chumba cha mwisho kitabaki na 2.4.

Na kabla hujagusa chaneli yoyote, chomeka laptopu kwenye ruta kwa waya upime. Ikiwa kwa waya pia ni nzito, tatizo liko kwa anayekuuzia intaneti na chaneli hazihusiki. Televisheni iliyo meza moja na ruta nayo ichomekwe waya uleule, iwaachie simu hewa.