Bibi haoni, lakini macho yake bado yanahitaji mwanga

Huku kliniki ya macho kuna lalamiko tunalisikia sana kutoka kwa familia zenye mtu asiyeona, kwamba mgonjwa halali usiku, saa nane anaamka anaanza kuita watu, mchana ndo anasinzia, na nyumbani wameshaamua ni uzee unamchanganya. Ukiuliza anashinda wapi unaambiwa chumbani, pazia limefungwa, maana hata akitolewa nje ataona nini? Naomba hapo tuelewane vizuri, kwa sababu jicho lina kazi mbili na kuona ni moja tu.

Kazi ya pili ni kuuambia mwili sasa hivi ni mchana au usiku. Kwenye ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana, kuna kituo kidogo ambacho ndo saa ya mwili, kinapanga usingizi, joto la mwili, homoni, mpaka njaa. Hiyo saa haiendi sawasawa na dunia, kwa watu wengi mzunguko wake unazidi kidogo saa 24, kwa hiyo kila siku lazima irekebishwe na kinachoirekebisha hasa ni mwanga unaoingia machoni. Usiku ukiingia ubongo unatoa homoni ya melatonini inayouandaa mwili kulala, na mwanga mkali unaizima.

Sasa wanasayansi walijiuliza, inakuwaje asiyeona? Mwaka 1995 Charles Czeisler na wenzake kule Boston, Marekani, waliripoti wamewamulikia mwanga mkali usiku watu 11 wasioona, na kwa 3 kati yao melatonini ilishuka kama ya mtu anayeona, wakati wenyewe wanasema hawaoni hata mwanga. Wawili kati ya hao walipozibwa macho haikushuka, yaani kazi ilifanywa na macho yaleyale tuliyodhani yamekufa. Jibu lilikuja taratibu. Mwaka 1998 Ignacio Provencio na wenzake walitangaza protini inayohisi mwanga, waliikuta kwenye ngozi ya chura wakaiita melanopsini, baadaye ikapatikana kwenye retina ya binadamu, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na mwaka 2002 David Berson na wenzake wakaonyesha kwa panya kwamba seli zenye hiyo protini zinaitikia mwanga zenyewe bila kutegemea seli za kuonea. Ni seli elfu kadhaa tu kati ya zaidi ya milioni moja zinazotoa habari jichoni kwenda kwenye ubongo, na zinaupenda zaidi mwanga wa bluu, ambao angani mchana umejaa tele.

Kwa hiyo inategemea ugonjwa. Mwenye mtoto wa jicho seli zake ni nzima, mwanga tu ndo unazuiwa, na akifanyiwa upasuaji anafaidika pande zote mbili. Presha ya macho ni mbaya zaidi maana inaua seli za kundi hilohilo linalopeleka habari kwenye ubongo, ingawa mara nyingi zinabaki chache. Asiyebakiwa na hata moja, au aliyetolewa macho yote, mara nyingi saa yake inatembea peke yake. Kama mzunguko wake ni saa 24 na nusu, kila siku anachelewa nusu saa, baada ya siku 24 amechelewa saa 12, usingizi unamjia mchana kweupe, halafu wiki zinazofuata anarudi sawa, familia inabaki imeduwaa. Huyo hajachanganyikiwa na wala sio mvivu!

Mtoeni nje asubuhi, saa moja au saa mbili, akae barazani nusu saa au zaidi, miwani ya jua asivae muda huo kama mwanga haumuumizi macho. Jua lenyewe asielekezewe uso, mwanga wa anga unatosha, maana hata siku ya mawingu nje kunaweza kufika lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga) wakati sebuleni mara nyingi hazifiki 500. Usiku zimeni taa na tv chumbani kwake, ile kauli ya "haoni, taa itamdhuru nini" si kweli. Chakula na matembezi viwe saa zilezile kila siku, hivyo navyo vinaisaidia saa ya mwili hasa kwa yule ambaye mwanga haumfikii kabisa. Vidonge vya usingizi vya duka la dawa msimpe kienyeji, mzee anaanguka usiku anavunjika nyonga. Vipo vidonge vya melatonini ila muda wa kumeza ndo kila kitu, ukikosea unaisogeza saa upande usiotakiwa, kwa hiyo daktari apange.

Na ikitokea mmeambiwa jicho lisiloona litolewe, kwa sababu ya maumivu labda, kuna wakati ni lazima kweli litoke na msiogope. Lakini kabla ya kusaini mwambieni daktari usingizi wa mgonjwa ukoje, kama analala vizuri usiku na kuamka asubuhi inawezekana jicho hilo bado linamtunzia saa yake, na daktari anatakiwa alijue hilo kabla hajaamua.