Kuwapenda Warusi si kuipigia makofi Kremlin

Sema tu unawapenda Warusi, utaulizwa papo hapo: kwa hiyo unaunga mkono vita vya Ukraine? Swali hilo linachanganya watu na dola. Mimi Kremlin siiamini hata chembe, na Warusi nawapenda.

Ukifika nyumbani kwa Mrusi, mkono hupewi mpaka uvuke kizingiti. Kusalimiana juu yake ni mkosi. Unavua viatu, unapewa ndara. Kisha chai ya rangi, nzito kweli, inamiminwa kidogo tu kutoka birika dogo na kuongezwa maji ya moto, jemu pembeni unailamba kwa kijiko.

Na hao waandishi wao, wengi waliumizwa na dola hiyohiyo. Pushkin (babu ya mama yake alikuwa Mwafrika) alifukuzwa St. Petersburg mwaka 1820 kwa sababu ya mashairi. Dostoevsky alisimamishwa kusubiri risasi mwaka 1849, dakika za mwisho akapelekwa Siberia. Juzi tu, 2022, mhariri Dmitry Muratov wa Moscow aliipiga mnada medali yake ya Nobel: dola milioni 103.5, zote kwa ajili ya watoto wakimbizi wa Ukraine.