Biri ya bei nafuu: yanayosemwa, na yaliyomo ndani ya jani

Nimekulia Urambo, mkoani Tabora, katika nyumba ambayo ada ya shule ilitoka kwenye tumbaku. Kabla sijajua kusoma vizuri nilishajua kupanga majani kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, na nilishajua ule uchungu wa kumsubiri mteuzi apite kwenye marobota yetu atamke daraja. Kwa hiyo mtu akiniambia biri fulani ni nzuri kwa kuwa ni ghali, au ni mbovu kwa kuwa ni rahisi, siwezi kunyamaza. Ninaposema biri nina maana ya ile sigara nene ya Cuba na ndugu zake: haina karatasi wala kichungi, ni jani tupu mwanzo hadi mwisho.

Mpwa wangu alirudi safari na fungu la biri za José L. Piedra, chapa ya Cuba iliyo miongoni mwa zile za bei ya chini kabisa nchini humo. Waliokuwepo nyumbani walianza kulihukumu kabla halijafunguliwa.

"Kitu rahisi namna hii lazima ni takataka"

Biri ina sehemu tatu: majani ya ndani, jani la kufungia linaloyashika, na jani la nje linalovikwa juu. Kwenye biri za daraja la juu majani ya ndani hulazwa mazima, urefu wote. Kwenye Piedra yamekatwakatwa. Wacuba wenyewe hawafichi. Biri ya namna hii huiita tripa corta, yaani ya ujazo mfupi, ingawa imesokotwa kwa mikono. Hapo pana kosa jingine la wengi: neno "kwa mikono" halikuahidi majani mazima. Tena tumbaku yake hutoka Vuelta Arriba, katikati na mashariki mwa Cuba, si Vuelta Abajo ya mkoa wa Pinar del Río, eneo la mashamba yanayolisha chapa kubwa.

Nikapasua moja juu ya gazeti mbele ya baba. Mzee amelima tumbaku zaidi ya miaka 40 na hajawahi kuivuta. Akanusa, akasema, "Hii haijapita motoni, mwanangu." Ni kweli. Sisi Tabora tunalima ya mvuke, inayokaushwa kwa joto la tanuri. Wenzetu wa Songea na Namtumbo wana ya moshi. Ya biri huning'inizwa bandani ikauke kwa hewa polepole, kisha hurundikwa ichachuke. Baba akatafuta yale yanayomshusha mkulima daraja: mishipa minene, vumbi, ukungu. Mishipa akaikuta miwili mitatu, vumbi kidogo, ukungu hakuna. Nikamwuliza daraja. Akakataa. "Limekauka mno. Jani kavu haliteuliwi."

Kwa hiyo ukilipa kidogo unapoteza nini? Ujazo mfupi huwaka upesi na kwa joto zaidi. Majivu hudondoka mapema, vipande vidogo hukuingia mdomoni, na ladha haibadiliki sana toka mwanzo hadi mwisho. Hicho ndicho kilichopunguzwa: jani zima na kazi ya fundi bingwa. Usafi ni jambo jingine, na haupimwi kwa bei.

Tazama na upande wa pili. Mwaka 2022 Habanos, kampuni inayouza biri za Cuba duniani, ilipandisha sana bei ya Cohiba na Trinidad, chapa zake za kifahari, ili masoko yote yalingane. Cohiba ina sababu ya kuwa ghali, maana sehemu ya majani yake huchachushwa mara tatu. Lakini yalikuwa yakichachushwa hivyo hata kabla ya 2022. Bei ilipanda, jani likabaki lilelile.

"Jeusi ndilo kali"

Shemeji yangu anaishikilia hii kama dini. Mkulima yeyote angemjibu: ukali unatokana na mahali jani lilipokaa kwenye mche. Wacuba huita majani ya juu, yaliyopigwa na jua zaidi, ligero. Hayo ndiyo yenye nguvu. Ya katikati ni seco, yanaleta harufu. Ya chini ni volado, mepesi, yanasaidia biri kuwaka. Mchanganyiko huo uko ndani, hauuoni. Weusi wa jani la nje mara nyingi umetokana na kuchachuka kwa muda mrefu na kwa joto zaidi, na mara nyingi huongeza utamu. Na majivu meupe yanayosifiwa vijiweni? Rangi yake inategemea zaidi madini ya udongo.

"Nimevuta moja, nimeshajua"

Hapa ndipo chapa nyingi zinapoonewa, na mimi nimewahi kuwa mmoja wa waonevu. Niliwahi kununua biri katika duka la uwanja wa ndege, zimepangwa chini ya taa za moto kama mikate. Nikawasha usiku uleule. Jani la nje likapasuka, upande mmoja ukawaka mwingine ukabaki, mdomo ukawa mchungu hadi asubuhi. Nikaitangaza chapa ile kuwa mbovu kwa kila aliyenisikiliza. Kilichokuwa kibovu ni rafu.

Biri inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 au zaidi kidogo, na joto la nyuzi 18 hadi 21 hivi. Tabora ya mwezi Septemba itaikausha ivunjike kama papi ya zamani. Dar es Salaam ya masika itaiotesha ukungu. Si lazima sanduku la mwerezi. Chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, kipima unyevu kidogo na kifuko cha kuratibu unyevu vinatosha. Joto likipanda sana, kifukusi wa tumbaku huanguliwa. Tundu dogo kama la sindano kwenye jani la nje ndiyo alama yake, na sisi wa ghalani tunamjua vizuri mno.

Fungu la mpwa wangu tuliliweka kwenye chombo cha namna hiyo wiki tatu. Kisha nikafanya hivi: nikaibonyeza biri kwa vidole toka mwisho mmoja hadi mwingine, nikitafuta penye uvimbe mgumu au penye utupu. Nikakata kichwa, nikavuta hewa kabla ya kuwasha, maana mvuto uliobana hapo hautafunguka ukishawasha. Nikavuta taratibu, mara moja kwa dakika hivi. Nilizijaribu tatu, siku tatu tofauti. Kabla ya hizo niliwasha moja ambayo haijapumzishwa, nayo ilikuwa chungu. Hizi tatu zilikuwa na ladha ya udongo na mbao, mbili ziliwaka sawa, moja ilibana. Moja katika tatu kubana ni udhaifu, nausema wazi.

"Moshi hauingii mapafuni, kwa hiyo haidhuru"

Hii ndiyo inayoniumiza. Utotoni, tukichuma majani asubuhi yenye umande, tulirudi nyumbani na kizunguzungu, tunatapika. Wakubwa walisema ni njaa. Ilikuwa nikotini, imepita kwenye ngozi. Sasa mdomoni itashindwaje kupita? Moshi wa biri una asili ya alikali, na hiyo huirahisishia nikotini kufyonzwa na ngozi laini ya mdomo hata usipoumeza. Biri moja kubwa inaweza kubeba tumbaku inayokaribia ya pakiti nzima ya sigara. Saratani ya mdomo, koo, umio na zoloto huwapata wavutaji wa biri, na ya mapafu pia, na aliyekaa karibu naye anavuta moshi uleule. Ghali au rahisi, katika hili hazina madaraja. Nimezijaribu ili niseme ninachokijua, sijakushauri uanze.

"Nzuri ni ya Cuba tu"

Marekani ilipoiwekea Cuba vikwazo mwaka 1962, mafundi wengi walikuwa wameondoka au wakaondoka baadaye, na ujuzi wao ukaota Nicaragua, Honduras na Jamhuri ya Dominika. Leo Estelí, huko Nicaragua, ni mji wa biri hasa. Na Afrika imo: jani la nje la Cameroon limevika biri za kifahari kwa miongo mingi.

Ila ukiletewa Cohiba kwa bei ya Piedra, tena kwenye sanduku la mfuniko wa kioo, irudishe. Sanduku hilo ni alama inayojulikana ya bandia. Piedra ya bei ya Piedra haina sababu ya kukudanganya.

Baba nilimpasulia nyingine baada ya zile wiki tatu. Safari hii jani lilikunjika bila kuvunjika. Akalinyoosha juu ya goti, akalitazama mwangani, akalinusa tena. "La kati," akasema. "Mwenye shamba asingenung'unika, na mnunuzi asingelirudisha."