Mamalia walioteleza hewani enzi za dinosaria: ushahidi upo kwenye mawe

Ukisema mamalia wa enzi za dinosaria, wengi picha inayowajia ni ya kijinyama kama panya kimejificha shimoni kinasubiri usiku uingie. Hiyo picha tuiweke pembeni, maana miaka kama milioni 160 iliyopita kuna mamalia walikuwa wanajirusha toka mti huu wanatua mti ule kwa utando wa ngozi uliounga mikono na miguu, na ushahidi wake unauona kwa macho.

Wa kwanza kutangazwa alikuwa Volaticotherium, mwaka 2006, alipatikana Daohugou huko Mongolia ya Ndani, China. Mdogo tu, anakadiriwa gramu 70 hivi, na meno yake ni ya mla wadudu. Ila kinachosisimua sio meno, ni kwamba pembeni ya mifupa, kwenye jiwe lenyewe, imebaki chapa ya ule utando, na utando una alama za manyoya yaliyoufunika. Ngozi na manyoya jamani, baada ya miaka yote hiyo! Kabla yake mamalia wa zamani zaidi aliyethibitika kuteleza hewani alikuwa Eomys, mnyama wa kundi la panya na kindi, alitokea Enspel, Ujerumani, ana miaka milioni 25 hivi. Linganisha na waliokuja kuruka kwa mabawa: popo wazee kabisa wenye mifupa kamili ni wa miaka milioni 52, na hata Archaeopteryx, yule ndege maarufu, ana milioni 150.

Halafu 2017 wakaja Maiopatagium na Vilevolodon, nao wa China, nao wa miaka kama milioni 160, ila ni wa kundi lingine kabisa linaloitwa haramiyida. Hawa walikula mimea, Vilevolodon ana magego ya kusaga, na misitu ya wakati ule ilikuwa ya kangaga, ginko na miti ya jamii ya misonobari, maua hayajatawala bado. Maiopatagium mifupa ya kifuani mwake imeungana ikafanana na mtulinga wa ndege, ule wenye umbo la V. Kwa hiyo makundi mawili tofauti, mmoja mla wadudu mwingine mla mimea, kila moja lilijifunza kuteleza kivyake, na yote mawili yalitoweka bila kuacha uzao. Kindi warukao wa leo sio wajukuu zao, tafadhali tusiwaunganishe.

Sasa kwa nini tunao wachache hivi? Hapa ndipo watu wanapotuelewa vibaya. Mamalia wa kale wengi tunawajua kwa meno tu, jino ni gumu linadumu, utando unaoza siku chache baada ya mnyama kufa, na jino halikwambii kama mwenyewe alikuwa anateleza hewani au anatembea chini. Mfano mzuri ni Dermotherium wa Thailand, ndugu wa kolugo, mamalia wa mitini wa Asia ya Kusini-Mashariki, na kolugo wa leo ni hodari sana wa kuteleza, lakini tulichonacho ni taya na meno, basi hatuwezi kuapa kwamba na yeye alifanya hivyo. Ili ngozi ibaki inatakiwa mnyama azame ziwani palipotulia, afunikwe haraka na tope laini au majivu ya volkano, na Daohugou palikuwa hivyo. Ndio maana ukisoma "mamalia wa kwanza kuteleza", mimi naelewa wa kwanza aliyebahatika kuhifadhiwa.

Mara chache mifupa yenyewe inatosha. Can Mata, karibu na Barcelona, wakati wanachimba jalala la taka, ulitokea mkia na mifupa ya mapaja mikubwa kiasi kwamba ilidhaniwa ni ya jamii ya nyani mdogo, kumbe ni kindi, Miopetaurista, wa miaka milioni 11.6. Kilichomtambulisha ni vijifupa vya kifundo cha mkono, kwa sababu kindi warukao wana kijiti cha gegedu hapo kinachotandaza utando, na vijifupa vinavyokishikilia vina umbo ambalo kindi wengine hawana. Utafiti ulitoka 2018, na mifupa yake haipishani sana na ya kindi wakubwa warukao wanaoishi Asia leo.